Raifali ya Kushindilia: Risasi Inayoufaa Mtutu, na Mtutu Unaodumu

Bunduki ya kushindilia hulishwa kwa mdomoni. Baruti humiminwa kwanza, risasi hufuata, na mdeki huishindilia risasi hadi ikalie baruti chini kabisa, kwenye shina la mtutu. Hapo ndipo moto wa gumegume au wa fataki huingia kupitia kitundu chembamba, ambacho kwenye bunduki ya fataki kimo ndani ya kichuchu kinachofunguka kiitwacho kifa. Gobore linalojulikana vijijini Tanzania na kwingineko Afrika Mashariki ni la ukoo huu, ila mtutu wake kwa kawaida ni laini ndani kama bomba la maji. Ulaini huo una historia. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, ambao Sultani wa Zanzibar alikuwa miongoni mwa waliotia saini, ulizuia raifali na bunduki za kupakiwa kwa nyuma zisiingizwe katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini. Gumegume zisizo na mifuo ziliachiwa ziuzwe.

Ndugu yake mwenye mifuo alikulia Marekani. Mafundi wenye asili ya Kijerumani waliohamia Pennsylvania katika karne ya 18 waliichukua raifali fupi nene ya wawindaji wa kwao, wakaurefusha mtutu na kupunguza kaliba, kwa kuwa baruti na risasi zilibebwa mgongoni na hazikuwa za kuchezea. Karne iliyofuata ndugu wawili, Jacob na Samuel Hawken, walitengeneza huko St. Louis raifali fupi na nzito zaidi kwa ajili ya wanyama wakubwa wa nyanda za magharibi. Nakala za aina zote mbili zinauzwa hadi leo. Chama cha kitaifa cha bunduki za kushindilia, kilichoanzishwa mwaka 1933, hukutanisha walenga shabaha kwenye viwanja vyake vya Friendship, Indiana, na majimbo mengi ya nchi hiyo yametenga msimu maalumu wa kuwinda kwa bunduki hizi.

Mnunuzi mpya huanza kwa kuuliza ni risasi gani iliyo bora. Swali hilo halina jibu mpaka mtutu ujulikane. Risasi inayotoboa shabaha katikati kwa bunduki ya mtu mmoja inaweza kukosa ubao mzima kwa bunduki nyingine ya kaliba ileile, na kosa lisiwe la mlengaji wala la risasi.

Ndani ya mtutu wa raifali mna mifuo iliyochongwa kwa kuzunguka, na kati ya mfuo na mfuo mna tuta, kama shambani. Risasi inapopita husokotwa, hutoka ikizunguka kama pia, na mzunguko huo ndio unaoizuia isiyumbe angani. Kasi ya msokoto hutajwa kwa inchi. Mtutu wa 1:66 ni ule ambao mfuo wake hukamilisha mzunguko mmoja katika inchi 66, karibu sentimita 168. Wa 1:48 hukamilisha katika sentimita 122, na wa 1:28 katika sentimita 71. Kadiri risasi ilivyo ndefu kuliko unene wake, ndivyo inavyodai msokoto wa kasi. Gololi, ambayo urefu na unene wake ni mamoja, hutosheka na msokoto wa polepole wa 1:60 hadi 1:72. Risasi ndefu zilizojaa hufanya vizuri kwenye 1:32 au kasi zaidi. Kina cha mifuo nacho kina maana: mtutu wa gololi huchongwa mifuo ya robo milimita au zaidi ili kitambaa kipate pa kukaa, na ule wa risasi ndefu huchongwa karibu nusu ya hapo.

Msokoto wa 1:48 ni wa maafikiano. Viwanda huupenda kwa sababu muuzaji anaweza kumwambia mteja kwamba unapokea kila kitu, na ni kweli unapokea. Hupiga gololi vizuri kwa baruti ya wastani, na risasi fupi nene vizuri pia, lakini si bingwa wa chochote. Anayejua tangu mwanzo kwamba atapiga gololi tu hana sababu ya kuununua.

Mitutu mingi ya kisasa ina namba za msokoto zilizogongwa karibu na shina. Usio na namba hupimwa kwa dakika chache. Baada ya kuhakikisha bunduki ni tupu, kitambaa kinachobana husukumwa hadi chini kwa ufito wa kusafishia ambao mpini wake unazunguka wenyewe. Ufito hutiwa alama mbili kwa kalamu: moja usawa wa mdomo wa mtutu, nyingine juu ya ufito ikitazama nyuzi za kulengea. Kisha huvutwa polepole mpaka alama ile ya juu izunguke robo duara. Umbali uliovutwa, mara 4, ndio msokoto.

Gololi ya metali ya risasi ndiyo risasi ya asili ya bunduki hizi na bado ndiyo ya kuanzia. Hutengenezwa ndogo kuliko tundu la mtutu. Kwa kaliba ya .50, yaani milimita 12.7, gololi ya kawaida ni ya inchi .490 na ina uzito wa gramu 11.5 hivi. Kwa kaliba ya .54 ni ya .530, gramu 14.5. Kwa .45 ni ya .440, gramu 8.3. Tofauti ya unene inaonekana ndogo, ila uzito hupanda upesi, na kwa gololi uzito ndio nguvu yote. Umbo lake la mpira huifanya ipoteze mwendo haraka hewani, kwa hiyo wawindaji wengi wa kulungu hutumia .50 au .54 na kujiwekea mpaka wa mita 70 hadi 90. Kaliba ndogo kama .36 ni za sungura na kindi.

Nafasi inayobaki kati ya gololi na mtutu hujazwa na kiraka, kipande cha kitambaa kilichopakwa mafuta. Kiraka hushika mifuo, huizungusha gololi, huziba gesi isipite, na metali ya risasi haigusi chuma kabisa. Kwa hiyo anayechagua gololi bila kuchagua kiraka amefanya nusu ya kazi. Kitambaa kinachofaa ni pamba au kitani kilichofumwa kwa kubana, cha unene wa milimita 0.25 hadi 0.5. Wamarekani hupenda kitambaa cha magodoro chenye mistari. Amerikani nzito, ile ile ambayo watu wa pwani waliipa jina la nchi iliyoitoa wakati meli za Massachusetts zilipokuwa zikifika Zanzibar, hufaa pia ikifuliwa kwanza kutoa wanga. Nailoni na poliesta hazifai kamwe, kwa kuwa huyeyuka na kugandia mtutuni.

Gololi na kiraka chake vinapaswa kuingia mdomoni kwa kijiti kifupi na kofi moja la kiganja, kisha vishuke kwa mdeki kwa kusukumwa, si kwa kugongwa. Vikiteremka kama jiwe kisimani, kiraka kizidishwe unene. Vikidai nyundo, kipunguzwe, au ichukuliwe gololi iliyo ndogo kwa kiasi cha robo milimita.

Baada ya kufyatua, mtu asiharakishe kwenda kuangalia shabaha. Aende kwanza mita chache mbele ya bunduki, aokote viraka vilivyoanguka. Hakuna chombo kinachosema wazi zaidi yale yaliyotokea ndani. Kiraka kizima, chenye duara jeusi katikati na alama za mifuo pembeni kama miale ya nyota, kimefanya kazi yake, na kingeweza karibu kutumika tena. Kilichoungua katikati kinasema mafuta ni machache, kitambaa ni chembamba, au baruti ni nyingi kuliko kinavyostahimili. Kilichochanika vipande vipande kinaweza kuwa kimeoza stooni. Kilichokatwa kwa mistari iliyonyooka, kila mstari mahali pa tuta, kinalalamikia mtutu mpya ambao ncha za matuta yake bado ni kali. Ugonjwa huo hupona wenyewe baada ya risasi mia moja au mia mbili, au hupunguzwa kwa kusugua mtutu kwa brashi ya sufu ya chuma iliyo laini sana. Katika hali hii wapo wanaobadili gololi, baruti na mafuta kwa mwezi mzima, ilhali jibu lilikuwa chini kwenye nyasi.

Mafuta ya kiraka yawe ya mnyama au ya mmea. Mchanganyiko wa nta ya nyuki na shahamu ya kondoo, au nta na mafuta ya zeituni, umetumika kwa vizazi na haujapitwa. Kwa kulenga shabaha ambako bunduki hufyatuliwa papo hapo, mate yanatosha. Kwa kuwinda hayafai, kwani hulowesha baruti na kuleta kutu bunduki ikikaa na risasi kutwa nzima. Mafuta yenye chumvi, kama siagi ya mezani, ni adui wa chuma. Mafuta ya petroli nayo yakichanganyika na masizi ya baruti hufanya utando mgumu kama lami. Historia imewahi kugeuka kwa sababu ya mafuta ya risasi: uvumi kwamba karatasi za risasi za raifali ya Enfield zilipakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe ulikuwa miongoni mwa cheche za uasi wa askari wa India mwaka 1857, kwa kuwa karatasi hizo zilifunguliwa kwa meno.

Kiswahili hutumia neno moja kwa metali na kwa kitu kinachorushwa, na kwa bunduki hizi neno hilo moja linatosha, maana risasi ifaayo ni ya metali ya risasi tupu. Ulaini wake huifanya gololi ijikunje kidogo ndani ya kiraka na risasi ndefu ipanuke ikashike mifuo. Ikichanganywa na antimoni au bati huwa ngumu, hupungua uzito, na risasi za kalibu ileile hutoka nene kidogo. Kipimo cha nyumbani ni ukucha: metali ya risasi tupu hukwaruzika kwa ukucha bila jitihada, iliyochanganywa hukataa. Mabamba ya zamani ya kuezekea na mabomba ya kale ya maji ya nchi za Ulaya na Marekani huwa ya metali tupu. Vizani vya magurudumu ya magari vina antimoni, na vingi vya siku hizi ni vya zinki au chuma. Betri za magari zisiguswe kabisa: sahani zake zina asidi na viungo vinavyotoa gesi ya sumu zikiyeyushwa.

Mwenye kusubu risasi zake hutumia kalibu, na metali huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selisiasi. Risasi zenye makunyanzi zinaonyesha kalibu ni ya baridi. Zenye ngozi kama ya barafu zinaonyesha joto limezidi. Kila moja ipimwe kwenye mizani ndogo; iliyo nyepesi kuliko wenzake ina uwazi ndani, irudishwe chunguni. Kikonyo kinachobaki mahali metali ilipomiminwa huelekezwa juu, katikati ya mdomo wa mtutu, ili gololi isilemee upande mmoja. Kazi hii hufanyiwa nje au penye upepo, kwa glavu na miwani, mbali na watoto na mbali na vyombo vya chakula. Tone moja la maji likiingia kwenye chungu hugeuka mvuke ghafla na kurusha metali ya moto usoni. Mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kula au kuvuta chochote, kwani sumu ya risasi hujikusanya mwilini taratibu bila kuuma popote.

Risasi ndefu zilizaliwa kutokana na shida ya askari. Gololi inayobana ilipiga vizuri lakini ilichelewesha upakiaji vitani. Mwaka 1849 ofisa wa Kifaransa, Claude-Étienne Minié, alitoa jibu lililoenea: risasi yenye ncha, ndogo kuliko mtutu, iliyochimbwa uwazi chini kama kikombe. Huteremka bila kubana, na baruti ikilipuka ukingo wa kikombe hupanuka ukashika mifuo. Enfield ya mwaka 1853 ya Uingereza, yenye kaliba ya .577, na Springfield ya mwaka 1861 ya Marekani, yenye .58, zilijengwa kwa risasi hiyo. Mwenye bunduki ya namna hii, ya kale au nakala, hana haja ya kutafuta mbali. Aangalie mambo mawili tu. Risasi iwe ndogo kuliko tundu kwa sehemu chache za mia za milimita, si zaidi, la sivyo ukingo haufiki kwenye mifuo. Na baruti iwe ya kiasi, kwa kuwa ikizidi huupasua au kuukunja ukingo huo, na risasi hutoka ikiyumba.

Aina ya pili ya risasi ndefu haina uwazi. Ina mikanda ya kuzunguka mwili wake, na mkanda wa juu ni mnene kuliko tundu, hivyo huchorwa na matuta inaposukumwa mdomoni. Uzito wake hukaribia mara mbili ya gololi ya kaliba ileile, na teke lake begani huongezeka vivyo hivyo. Hukaa vizuri kwenye mitutu ya 1:48 na zaidi ya yote kwenye yenye kasi kuliko hapo. Ina ila moja katika kuwinda: kwa kuwa haina kitambaa cha kuibana, inaweza kuteleza kuelekea mdomoni bunduki ikibebwa mdomo chini, na mwindaji mwangalifu huigusa kwa mdeki kila baada ya muda kuhakikisha bado iko mahali pake.

Saboti, yaani kikombe cha plastiki kinachobeba risasi ndogo ya bastola, ni ya bunduki za kisasa zenye msokoto wa kasi. Kwenye mtutu wa 1:66 ni kupoteza fedha, na baadhi ya majimbo, Colorado likiwamo, hayairuhusu katika msimu wa bunduki za kushindilia.

Kiasi cha baruti huanzia kwenye kitabu cha mtengenezaji wa bunduki na hakivuki ukomo ulioandikwa humo. Baruti ni nyeusi, au mbadala wake uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Baruti isiyo na moshi inayotumika kwenye risasi za kisasa hupasua mitutu hii na kukata mikono. Hakuna kipimo chake kidogo kilicho salama. Humiminwa kwa kipimo cha mkononi, kamwe si kutoka kwenye pembe moja kwa moja, kwa sababu cheche iliyobaki mtutuni ingeweza kuilipua pembe nzima. Baada ya hapo utafiti ni wa kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja: risasi 5 kwenye shabaha moja, kisha baruti iongezwe kidogo, risasi 5 nyingine, mpaka matundu yaanze kukaribiana na tena kutawanyika. Anayebadili kiraka, mafuta na baruti siku moja hatajua kilichomsaidia.

Risasi lazima ikalie baruti. Pakibaki nafasi ya hewa kati yake na baruti, mtutu unaweza kuvimba pete au kupasuka. Kinga ni rahisi: mdeki hutiwa alama mbili, moja ya mtutu mtupu na moja ya mtutu uliopakiwa sawasawa. Alama ya pili isipofika mdomoni, bunduki haifyatuliwi.

Mtutu hufa kwa masizi kabla ya kufa kwa matumizi. Baruti nyeusi ni shura sehemu 75, makaa 15 na kibiriti upele 10, na zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Hubaki kama chumvichumvi za potasiamu zilizonata ndani. Chumvi hizo hunyonya unyevu wa hewa, na chuma chini yake huanza kuliwa. Mahali penye unyevu wa pwani mtutu ulioachwa mchafu jioni huweza kuamka na kutu asubuhi. Baadhi ya mbadala wa baruti zina pakloreti, ambayo masizi yake hula chuma vikali zaidi, ingawa matangazo husema ni safi.

Kwa kuwa uchafu ni chumvi, dawa yake ni maji. Mafuta hayayeyushi chumvi, huifunika tu, nayo huendelea kula ikiwa chini ya kifuniko. Watu waliozoea bunduki za kisasa hukosea hapa kuliko popote: hupitisha kitambaa chenye mafuta, kikatoka cheusi, wakaridhika.

Kazi huanza kwa kuhakikisha bunduki ni tupu, kwa mdeki na si kwa kumbukumbu. Mtutu wenye ndoano shinani, kama wa Hawken, hutolewa kwenye ubao wa bunduki, kifa kikafunguliwa, na shina likatumbukizwa kwenye ndoo ya maji vuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya vyombo. Kitambaa kinachobana kikipandishwa na kushushwa kwa ufito, maji huvutwa na kusukumwa kupitia kwenye tundu la kifa kama bomba la kupigia maji. Mtutu uliofungwa kwa pini, kama wa raifali ndefu za Pennsylvania, haulazimishwi kutoka. Tundu la moto huzibwa kwa kijiti, maji humiminwa mdomoni, mtutu ukatikiswa, ukamwagwa, na hivyo tena mpaka maji yatoke meupe.

Wazee wa kazi hii walisisitiza maji yanayochemka, wakisema chuma chenye moto hujikausha. Hujikausha kweli, lakini mara nyingi huacha utando mwembamba wa kutu ya papo hapo, ya rangi ya chungwa, kwenye kitambaa cha kwanza kikavu. Maji vuguvugu hufanya kazi ileile bila utando huo, mradi ukaushaji usifanywe kwa uvivu. Vitambaa vikavu hupitishwa mpaka kimoja kitoke kikavu kabisa, na wengine humalizia kwa kitambaa cha spiriti ili kufukuza maji yaliyojificha shinani. Ndipo mafuta ya bunduki hupakwa, kwa utando mwembamba. Mtutu hukaguliwa tena kesho yake kwa kitambaa cheupe, na mara moja zaidi baada ya wiki. Kitambaa kikitoka na rangi ya kahawia, kazi hurudiwa tangu kwenye ndoo.

Brashi ya shaba nyeupe isiingizwe ovyo. Nywele zake hujikunja kwenye chumba chembamba cha shinani zikagoma kurudi, na ufito ukivutwa kwa nguvu kichwa chake hubaki ndani. Ya nailoni hutosha. Kiziba cha shina hakifunguliwi kwa ajili ya kusafisha. Ni kazi ya fundi, na nyuzi zake zikilegea bunduki huwa hatari kwa aliye nyuma yake.

Uwanjani masizi hushughulikiwa risasi kwa risasi. Kitambaa chenye unyevu kidogo kikipita mara moja kila baada ya mlio mmoja hadi mitatu, upakiaji hubaki laini na matundu hayatawanyiki. Unyevu uwe wa kitambaa kilichokamuliwa. Kilicholoa husukuma tope hadi kwenye kifa na bunduki hugoma. Kabla ya kupakia mara ya kwanza siku ya kuwinda, mafuta ya kuhifadhia hufutwa na fataki moja au mbili hupigwa kwenye mtutu mtupu ili kifa kipumue. Kugoma kwingi kunakolaumiwa kwa fataki mbovu ni mafuta yaliyosahauliwa.

Siku moja kila mpigaji husahau baruti akashindilia risasi peke yake. Hakuna aibu. Kwenye bunduki ya fataki kifa hufunguliwa, punje chache za baruti hupenyezwa, risasi husukumwa tena kwa mdeki mpaka iguse chini, na hufyatuliwa kuelekea upande salama. Kwa gumegume punje hupenyezwa kupitia tundu la moto. Nyundo na moto wa nje havihusiki.

Mdomo wa mtutu ndio sehemu ya mwisho kugusa risasi, na ukichakaa upande mmoja usahihi huondoka. Ufito wa kusafishia upite katikati ya kifuniko cha shaba kinachouweka mbali na ukingo. Mdeki wa mti uwe wa mti unaopinda, nyuzi zake zikienda moja kwa moja kutoka ncha hadi ncha. Ulio na nyuzi za mshazari huvunjika na kuchoma kiganja. Husukumwa kwa hatua fupi, mkono ukiushika sentimita 20 hivi juu ya mdomo.

Mitutu ya kale ilikuwa ya chuma laini kilichofuliwa, na mifuo yake ililika. Mafundi wa milima ya Appalachia waliichonga upya, mfuo mmoja mmoja, kwa kisu kidogo kilichofungwa kwenye ufito. Kaliba ilipanuka kidogo, na kalibu mpya ilitengenezwa kuufuata mtutu, maana siku hizo kila raifali iliuzwa na kalibu yake na kaliba ilitajwa kwa idadi ya gololi zinazotoka kwenye ratili moja ya risasi: 32 kwa ratili ni karibu .53 ya leo, 50 ni karibu .45. Vivyo hivyo leo, mtutu wenye vishimo vyepesi vya kutu unaweza kupiga vizuri kwa kiraka kizito kidogo. Wenye vishimo virefu karibu na shina, pete iliyovimba, au ufa hauna dawa ya nyumbani. Wa kale wowote ukaguliwe na fundi kabla ya kutiwa baruti.

Usiofaa hutundikwa ukutani. Hata huo huingizwa mdeki kwanza, kwa kuwa baruti nyeusi ikikaa kavu haiharibiki, na bunduki nyingi za urithi zimekutwa zimepakiwa, tayari kufyatuka, miaka mingi baada ya aliyezishindilia kufa.